Kwa nini tunamtakia salama mwanamke muuaji anayetuchekesha?

Msomaji wa Pembeni:

Ndugu wanajukwaa, naleta swali ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, nami nawaomba mnijibu kwa uzito wake. Ziko riwaya na filamu za uhalifu ambazo mhusika wake mkuu ni mwanamke aliyejichukulia sheria mkononi. Anaua, anaficha mwili, anawadanganya polisi, kisha anaendelea na shughuli zake za kila siku. Mwandishi hataki tumwogope. Anataka tucheke, nasi tunacheka, na tukifika kurasa za mwisho tunajikuta tunaomba asikamatwe.

Jibu jepesi linalotolewa mara nyingi ni kwamba wanaouawa wamestahili. Jibu hilo halinitoshi. Katika hadithi nyingi za aina hii kosa la marehemu ni usaliti katika ndoa, majivuno, uchoyo au ukorofi tu, mambo ambayo hata msomaji mkali hawezi kuyatolea hukumu ya kifo akiwa na akili zake timamu. Isitoshe, nikijaribu kumweka mwanamume mahali pa mwanamke huyo na kuacha mengine yote kama yalivyo, kicheko kinakauka papo hapo. Mume anayemuua mkewe kwa kuwa mke ametaka kuachana naye hachekeshi hata chembe. Kwa hiyo lipo jambo jingine linalofanya kazi, na hilo ndilo ninalolitafuta.

Nitoe mfano mmoja ambao wengi wetu tumeusoma. Katika hadithi fupi ya Roald Dahl iliyochapishwa mwaka 1953, "Lamb to the Slaughter", Mary Maloney ni mke mjamzito wa afisa wa polisi, naye anaelezwa na mumewe, jioni moja ya kawaida kabisa, kwamba ndoa yao imekwisha. Anakwenda kutoa paja la kondoo lililoganda ili aandae chakula cha usiku, anarudi nalo mkononi, anampiga nalo mume kisogoni, na mume anaanguka na kufa. Paja linaingia kwenye oveni. Kisha Mary anaketi mbele ya kioo na kufanya mazoezi ya namna atakavyomsalimia mwenye duka: anatabasamu, anajaribu kusema kwamba anahitaji viazi na kopo la njegere, sauti inatoka vibaya, anarudia tena hadi sauti na uso vinakaa sawa. Ndipo anatoka kwenda dukani. Mwishoni polisi waliokuja kuitafuta silaha wanaila ikiwa imeiva, huku wakisemezana kwamba bila shaka iko karibu nao, na yeye akiwa chumba cha pili anaanza kucheka.

Watu wengi hukumbuka mwisho huo. Mimi nacheka zaidi pale kwenye kioo, na hapo ndipo panaponisumbua, kwa sababu pigo lenyewe mtetezi angeweza kuliita hasira ya ghafla, lakini mazoezi yale ni kazi ya mtu aliyetulia na anayejua vizuri anachokificha. Kicheko changu kinakuja hasa pale ambapo hatia yake iko wazi zaidi. Je, tunachokipenda ni haki kutendeka, ni ujanja wa mhusika, au ni jambo ambalo tunaona haya kulitaja?

Kalamu ya Binti:

Mwenzangu, nadhani jibu umelishika mwenyewe pale kwenye kioo, ila umelitazama upande wa hatia peke yake. Rudi nyuma kurasa chache. Kabla mume hajafungua kinywa, Mary anamsubiri mlangoni kwa furaha, anampokea koti, anamtengenezea kinywaji, anamuuliza kama amechoka, anajitolea kumletea jibini na biskuti asipotaka kunyanyuka. Uso ule wa upole anaoufanyia mazoezi mbele ya kioo si uso mpya. Ndio uso aliouvaa kwa miaka yote ya ndoa kwa faida ya mtu mwingine, na jioni ile kwa mara ya kwanza unavaliwa kwa faida yake mwenyewe. Tunacheka kwa sababu tunauona utiifu uleule aliofundishwa, bila kuongezewa chochote, ukigeuka kuwa ngao.

Hii ndiyo sababu kumbadilisha mhusika awe mwanamume kunaua kicheko. Mwanamume katika hadithi hizi hahitaji kujificha nyuma ya udogo wake, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu kuwa mdogo. Uchekeshaji wa aina hii unasimama juu ya dharau. Pasipokuwa na dharau iliyotangulia, hakuna kinachopinduka.

Mizizi yake ni ya zamani kuliko Dahl. Mwaka 1916 Susan Glaspell, ambaye alipokuwa mwandishi wa gazeti huko Iowa, Marekani, aliripoti kesi ya mke wa mkulima aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa shoka, aliandika tamthilia fupi iitwayo "Trifles", na mwaka uliofuata akaigeuza kuwa hadithi fupi. Katika tamthilia hiyo mume amenyongwa kwa kamba akiwa kitandani na mke yuko mahabusu. Mwendesha mashtaka na mkuu wa polisi wanapanda ghorofani na kwenda ghalani kutafuta sababu ya mauaji, na wake waliofuatana nao wanaachwa jikoni kwa kuwa jikoni hakuna jambo la maana. Na ushahidi wote uko jikoni. Wanawake wale wanaona kipande cha kushonea ambacho mishono yake ilikuwa mizuri na ghafla ikavurugika, wanaona tundu la ndege ambalo mlango wake umeng'olewa kwa nguvu, kisha ndani ya kikapu cha kushonea wanakuta kisanduku chenye ndege aliyevunjwa shingo na kufungwa kwa kitambaa cha hariri. Hapo wanaelewa kila kitu, yaani mume alivyokuwa na kwa nini kamba ilichaguliwa. Wanaume wanapita mara kwa mara wakiwacheka kwa kujadili ushonaji. Mwishoni wanawake wanaficha ndege.

Tamthilia hiyo ni nzito na haikuandikwa ili watu waangue kicheko, lakini chombo chote cha ucheshi mchungu uliokuja baadaye kimo humo: mpelelezi anayecheka anakuwa mjinga, na anayechekwa anakuwa hakimu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wasomaji, hasa wale ambao wamewahi kunyamazishwa katika kikao au kutumwa kuleta vinywaji wakati wenzao wanajadili, wanautambua mshindo huo kabla haujasikika. Hawashangilii kifo. Wanashangilia kwamba hatimaye kudharauliwa kumemgharimu mwenye kudharau.

Mpenzi wa Simulizi:

Nakubaliana na dada aliyenitangulia kuhusu dharau, lakini naona maelezo hayo yanatueleza kwa nini tunamhurumia mhusika, na bado hayajatueleza kwa nini tunacheka. Kuna maelfu ya hadithi za wanawake waliodharauliwa na wakalipiza kisasi ambazo hazichekeshi kabisa. Kicheko ni kazi ya ufundi, na hufanywa sentensi kwa sentensi, kwa hiyo tuangalie sentensi zinavyofanya kazi.

Jambo la kwanza ni nafsi ya kwanza. Riwaya nyingi za aina hii za miaka ya karibuni zinasimuliwa na muuaji mwenyewe, au na mtu aliye karibu naye kiasi cha kubeba mwili pamoja naye. Chukueni "My Sister, the Serial Killer" ya Oyinkan Braithwaite, iliyotoka mwaka 2018, ambayo matukio yake yako Lagos. Msimulizi ni Korede, muuguzi, na muuaji ni mdogo wake mrembo, Ayoola, ambaye wapenzi wake wana tabia ya kufa kwa kisu. Mwanzoni kabisa Korede ameitwa kwenda kusafisha, na anachotuambia ni namna ya kusafisha: dawa zipi zinaondoa harufu ya damu, wapi doa hujificha, kwa nini bafu liangaliwe mara ya pili. Anaongea kama mtu anayejua kazi yake na anayeudhika na kazi mbovu za wengine. Baadaye anamkemea mdogo wake kwa kuweka picha za furaha mtandaoni mapema mno, wakati bado anatakiwa aonekane anamlilia mpenzi aliyepotea. Hasira ya Korede ni ya dada yeyote mkubwa kwa mdogo wake asiyejali. Ukubwa wa hasira hautoshani na ukubwa wa tendo, na katika pengo hilo ndimo kicheko kinamoingia.

Pengo hilo linapanuliwa zaidi katika "Sweetpea" ya C. J. Skuse ya mwaka 2017, iliyoandikwa kwa mtindo wa shajara. Rhiannon, mfanyakazi wa ngazi ya chini katika gazeti la mji mdogo wa Uingereza, anaanza siku zake kwa kuorodhesha watu ambao angependa kuwaua. Katika orodha moja utamkuta mtu mwenye makosa makubwa dhidi ya wanawake na watoto akiwa amepangwa safu moja na mtu aliyemkera dukani. Msomaji anaposoma kero zile ndogo anaitikia moyoni, kwa sababu naye zimemkuta. Akishaitikia mara tatu, mara ya nne anaitikia bila kufikiri, na mara ya nne ndipo panapokuwa na kisu. Nasema haya kwa kuvutiwa, kwa maana ni ufundi mkubwa. Mwandishi hatushawishi kwamba kuua ni sawa. Anatuzoesha tu kukubaliana na sauti ya mtu fulani, kisha anaipeleka sauti hiyo mahali ambapo hatukupanga kwenda.

Jambo jingine ni yale yasiyoonyeshwa. Angalieni ni mara ngapi katika hadithi hizi mnaona mazishi ya marehemu kwa macho ya mama yake. Ni nadra mno. Ucheshi hauvumilii kilio cha mtu asiye na hatia, na mwandishi mwenye ujuzi anajua aufunge mlango gani na kwa muda gani. Sura huwa fupi, tukio la kuua hupita haraka, na maelezo marefu huja baadaye kwenye usumbufu wa kuondoa mwili, jambo ambalo ni la kimwili, la kuchosha na lenye mikosi mingi: mwili ni mzito, lifti inasimama ghorofa isiyotakiwa, jirani anataka kusalimia. Taharuki na kicheko vinakula sahani moja hapo, kwa sababu vyote viwili vinategemea kuchelewa.

Kwa hiyo kwa swali la mleta mada, mimi nasema kwamba unacheka pale kwenye kioo kwa kuwa Dahl amepunguza mwendo hasa mahali hapo. Pigo lilichukua sentensi chache tu, lakini salamu ya dukani imepewa nafasi ya kutosha, pamoja na makosa yake ya sauti.

Mizani:

Nimesoma michango yote kwa makini, na sitaki kuharibu furaha ya mtu, lakini kuna upande ambao haujasemewa. Msingi wa haki popote duniani ni kwamba mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Katika hadithi hizi mtuhumiwa hasikilizwi. Mwandishi ndiye shahidi, ndiye mwendesha mashtaka na ndiye hakimu, na amempanga marehemu ili asiwe na utetezi wowote: kila anapofungua mdomo anatoa neno la kuudhi, hana rafiki wa kweli, hana hofu, hana utoto. Francis Bacon aliandika katika insha yake juu ya kisasi, iliyo katika toleo la mwaka 1625, kwamba kisasi ni aina ya haki ya porini, na kwamba kadiri maumbile ya mtu yanavyokikimbilia ndivyo sheria inavyopaswa kuking'oa. Anayejichukulia sheria mkononi katika maisha halisi hana msimulizi wa kumhakikishia kwamba aliyemshika ndiye mkosaji. Katika riwaya anaye, na huo ndio upendeleo mkubwa ambao hakuna aliyeutaja.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ninyi mnasema mwanamume akiwekwa mahali pa mwanamke kicheko kinakauka, nami nakubali, lakini hilo halithibitishi kwamba kicheko cha kwanza kilikuwa halali. Huenda linathibitisha tu kwamba tumemgeuza marehemu kuwa nguruwe.

Chukueni "How to Kill Your Family" ya Bella Mackie, ya mwaka 2021, ambayo ilipendwa mno. Grace Bernard anaisimulia habari yake akiwa gerezani, amefungwa kwa kifo ambacho hakukisababisha, huku vifo alivyovisababisha vikiwa havijulikani. Hapo kinaya ni kizuri na nakipongeza. Baba yake ni tajiri aliyemkana yeye na mama yake, na chuki yake kwa baba naielewa. Lakini kabla ya kumfikia baba anawapitia ndugu wa baba mmoja mmoja, na miongoni mwao yumo binamu mpole, aliyejiweka mbali na utajiri wa ukoo na kujishughulisha na uhifadhi wa mazingira. Kosa lake ni kuzaliwa. Nilipofika hapo niliacha kucheka, na nilitaka kujua kama mwandishi naye alitaka niache. Sauti ya Grace ni tamu kiasi kwamba sikupata jibu, na kwangu huo ni upungufu wa kitabu.

Linganisheni na Braithwaite, ambaye ametajwa hapo juu kwa ucheshi wake tu. Mmoja wa waliouawa na Ayoola, Femi, aliandika mashairi. Korede anayasoma baada ya kifo chake, anayarudia, na mtu aliyekuwa kazi ya kusafisha anaanza kuwa mtu. Ayoola anasema alikuwa anajitetea, lakini kila tukio linafanana na lililotangulia, na Korede anajua kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na bahati mbaya ya namna moja kila mara. Kitabu hakimwachii dada mkubwa njia ya kutokujua. Kinatuonyesha pia baba mkatili aliyewalea kwa fimbo na hofu, na kisu ni cha baba huyo, kwa hiyo sababu ipo na inaeleweka, ila sababu ya kueleweka haimrudishi Femi. Hicho ndicho ninachokitaka katika hadithi ya namna hii: nicheke, kisha nipewe jina la mtu niliyekuwa nacheka juu ya mwili wake.

Msomaji wa Pembeni:

Nawashukuru wote. Hoja ya ndugu Mizani kuhusu marehemu asiye na utetezi imenigusa, na sasa naona kwamba Dahl naye alimpa Patrick Maloney, mume wa Mary, maneno machache sana. Hata maneno yenyewe ya kuachana hatuyasikii, tunaambiwa tu kwamba aliyasema na kwamba hayakuchukua muda mrefu.

Lakini naomba nisogeze swali mbele kidogo. Kuna wanawake wauaji wa kuchekesha ambao hawana kisa chochote na waliouawa. Katika tamthilia ya Joseph Kesselring, "Arsenic and Old Lace", iliyoanza kuonyeshwa katika kumbi za Broadway, New York, mwaka 1941, wale dada wawili wazee, Abby na Martha, wamewaua wazee 12 wapweke kwa mvinyo wenye sumu na kuwazika chini ya nyumba, na wanaona kabisa kwamba wametenda jambo la huruma. Na yule Maud wa Helene Tursten, bibi wa miaka 88 anayeishi Göteborg, Uswidi, anaua kwa sababu watu wanamvurugia utulivu wake. Hapa hakuna dhuluma iliyolipizwa. Kama dharau na kisasi ndivyo vinavyotuvuta, mbona hawa nao wanapendwa?

Shangazi wa Vitabu:

Mwanangu, hapo umechanganya watu wa aina mbili, na ni vizuri wakatenganishwa. Yupo anayejichukulia sheria mkononi kwa sababu sheria yenyewe haikumjia, na yupo ambaye sheria haimhusu kabisa kwa sababu hakuna anayeweza kumfikiria. Abby na Martha ni wa kundi la pili. Hawa wanachekesha kwa adabu yao: wanamkaribisha mgeni, wanamsikiliza upweke wake, wanamimina mvinyo, na wanamzika kwa ibada ya dini yake mwenyewe. Mpwa wao Mortimer ndiye anayeshikwa na kiwewe kwa niaba yetu. Bila yeye jukwaani tamthilia ile ingekuwa ya kutisha tu.

Maud yuko kati ya makundi hayo mawili, na ndiyo maana napenda kumjadili. Uzee kwake ni kificho kamili. Polisi wakija anakuwa kiziwi kidogo, anachanganya majina, anaegemea mkongojo, nao wanamwonea huruma na kuondoka. Katika mojawapo ya hadithi zake jirani anampiga mkewe, na Maud anamwondoa. Ukisoma haraka utasema amemwokoa mwanamke yule. Ukisoma taratibu utaona kwamba kilichomkera ni kelele zilizomharibia sikukuu. Tursten anatuachia sisi tuongeze haki mahali ambapo mhusika hakuiweka, na tunaiongeza kwa hamu kubwa, jambo ambalo linatuonyesha ni kiasi gani tuna njaa ya kumwona mpiga wake akiadhibiwa na mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Hilo linajibu sehemu ya swali lako la kwanza: haki tunayoiona katika hadithi hizi mara nyingi tunakuja nayo sisi wenyewe.

Kuhusu wale wa kundi la kwanza, wenye kisa halisi, mimi naona kitabu kinachowatendea haki kuliko vingi ni "The Bandit Queens" ya Parini Shroff, ya mwaka 2023. Geeta anaishi kijijini nchini India, na mumewe mlevi na mkatili alitoweka miaka mitano iliyopita. Kijiji kizima kinaamini kwamba amemuua. Hakumuua. Lakini uvumi huo umemjengea ukuta: hakuna anayemwingilia, na vito anavyovitengeneza watu wanaogopa kutovinunua. Ndipo mwanamke mwenzake katika kikundi cha mikopo midogo, aliyechoka kupigwa, anamjia kumwomba amsaidie kumwondoa mume wake, kwa kuwa yeye ana uzoefu. Geeta hana uzoefu wowote, na akikiri kwamba hana, ukuta wake unaanguka.

Tazameni jinsi ucheshi unavyozaliwa hapo bila kumdhalilisha mtu. Wanawake wale wanajadili sumu na namna ya kuipata huku wakikatizwa na marejesho ya mkopo, watoto, majirani na ugomvi wao wa zamani. Hawana ustadi. Mpango unaharibika, na aliyefanikisha jambo anakuwa hatari kwa wenzake, kwa sababu siri ya namna hiyo ni mali inayoweza kuuzwa. Shroff anamweka Phoolan Devi katika fikra za Geeta kama mfano wa kuigwa. Huyo alikuwa mtu halisi, aliyetoka katika umaskini na ubakaji akawa kiongozi wa genge, akahusishwa na mauaji ya wanaume wa kijiji cha Behmai mwaka 1981, akafungwa miaka 11 bila kesi yake kusikilizwa, akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 1996, na akauawa kwa risasi mwaka 2001. Mwandishi hakuhitaji kutuhubiria juu ya gharama ya kisasi. Kwa kumtaja mwanamke huyo, gharama iko mezani tangu mwanzo, na kicheko hakiwezi kujifanya hakiioni.

Ninyi vijana mtamkumbuka pia Cassie wa filamu ya "Promising Young Woman" ya mwaka 2020, iliyompatia Emerald Fennell tuzo ya Oscar ya mchezo bora wa filamu ulioandikwa moja kwa moja kwa ajili ya sinema. Cassie anajifanya amelewa chakari, anasubiri mwanamume mwenye sura ya wema ampeleke nyumbani, na wakati mwanamume huyo anapoanza kumvua nguo, anafumbua macho na kuuliza kwa sauti kavu kabisa anafanya nini. Haui mtu hapo. Kinachowatisha wanaume wale ni kwamba yuko macho. Wengi waliitazama sehemu hiyo wakacheka kwa nguvu, na sijui tukio lingine linaloonyesha vizuri kuliko hilo kwamba silaha haihitajiki.

Mizani:

Shangazi, shikamoo. Nimekuelewa, na kuhusu Geeta nakubali bila ubishi, kwa sababu pale hukumu inajadiliwa na watu wengi, wanabishana, wanaogopa, wanaghairi. Hiyo inakaribia kusikilizwa.

Niongeze kitabu kimoja kwa ajili ya mleta mada, ambacho hakikuandikwa kama kichekesho lakini kina ucheshi mkavu ndani yake, nacho ni "Out" ya Natsuo Kirino, iliyotoka Japani mwaka 1997. Wanawake wanne wanafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha kupakia vyakula kwenye visanduku. Mmoja, Yayoi, anamnyonga mumewe kwa mkanda baada ya kupigwa na baada ya akiba yao kuishia kwenye kamari, na mwenzake Masako anachukua jukumu la kuukatakata mwili bafuni. Wanafanya kazi hiyo kwa mgawanyo uleule wa kiwandani: huyu anashika, yule anakata, wa tatu anapakia mifukoni, na wanalalamika juu ya uchovu, harufu na malipo. Mmoja wao amekubali kwa sababu ya madeni yake, na anazembea katika kutupa mifuko yake kama anavyozembea kazini. Kirino hamfungi mtu yeyote nje ya mlango. Familia ipo, polisi wapo, na mtu asiye na hatia ya kosa hilo anashukiwa badala yao, anapoteza biashara yake, na anaanza kuwatafuta.

Mhusika huyo wa mwisho ndiye ninayemkosa katika riwaya nyingi tulizozitaja, yaani mtu aliyebebeshwa kosa la shujaa wetu. Mleta mada, kama utakisoma, anza kumfuatilia tangu anapotajwa mara ya kwanza, kisha utuambie ni ukurasa upi uliacha kumtakia Masako salama, kama uliacha.